Kitatange wa Zanzibar si samaki wa tangi

Kipande cha tumbawe gumu, hata kikiwa na ukubwa wa kidole gumba, hakitoki Mombasa kwenda Ulaya kihalali bila kibali cha CITES, ule mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka. Matumbawe magumu yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba huo. Lakini samaki ambaye tangu anapotua mwambani mpaka anapokufa hutegemea tumbawe hilohilo kwa chakula, mkataba haumtaji. Anatiwa kwenye mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, mfuko unafungwa, unapangwa ndani ya boksi, boksi linapanda ndege. Chakula kinalindwa, mlaji anauzwa.

Nadhani hapo ndipo mjadala wa samaki wa mapambo unapopotea njia katika pwani yetu. Tunabishana kuhusu idadi: wamechukuliwa wangapi, wamebaki wangapi, nani ana leseni na nani hana. Ni maswali ya haki. Ila kuna swali linalotangulia yote hayo, nalo ni samaki huyu anakula nini. Kwa baadhi ya samaki, jibu lake linamaliza kesi kabla hesabu haijaanza.

Mfano wangu ni kitatange wa Zanzibar, Chaetodon zanzibarensis kwa jina la kitaalamu. Wapo watakaomwita kipepeo, na hilo nalo ni jina lake. Ni samaki mdogo mwenye mwili bapa, urefu wake ni kama sentimita 12 akishakua. Rangi yake ni njano, ana mistari hafifu inayofuata safu za magamba, utepe mweusi unaopita juu ya jicho, na doa jeusi mgongoni kuelekea nyuma. Anapatikana magharibi mwa Bahari ya Hindi: kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini, na kwenye visiwa kama Shelisheli, Madagaska na Morisi. Pasifiki hayupo, Karibi hayupo. Akipotea huku, amepotea.

Jina alipewa na Robert Lambert Playfair, mwakilishi wa Uingereza kisiwani enzi za Sultani Majid bin Said. Playfair alikuwa mwanajeshi aliyegeuka mwanadiplomasia, lakini miaka yake ya Unguja, 1863 hadi 1867, aliitumia pia kukusanya samaki. Pamoja na Albert Günther wa Jumba la Makumbusho la Uingereza akatoa kitabu juu ya samaki wa Zanzibar, na humo ndimo kitatange wetu alimoingia kwenye orodha za sayansi. Vitatange wengi wa bahari hii walifika kwenye vitabu kwa njia za ajabuajabu kama hiyo. Yule mwenye rangi ya machungwa na mistari ya zambarau, trifasciatus, alielezwa mwaka 1797 na Mungo Park, Mskoti anayekumbukwa zaidi kwa safari za Mto Niger. Auriga, mwenye uzi mrefu unaotokeza kwenye pezi la mgongo, alielezwa na Peter Forsskål, aliyekuwa akikausha ngozi za samaki na kuzibandika kwenye karatasi kama anayehifadhi majani ya miti. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1775, miaka 12 baada ya yeye kufia Yemen. Auriga mkumbukeni, maana nitamhitaji mbele.

Jamii ya vitatange ina aina takriban 130 duniani. Ukiwatazama kwa miwani ya kuzamia, unaweza kudhani wote ni watoto wa tumbo moja: mwili bapa, mdomo mdogo uliochongoka, mwendo wa kujipitisha kwenye mianya, mara nyingi wawili wawili. Tofauti yao kubwa iko kwenye mlo. Wapo wanaokula karibu chochote kinachoingia mdomoni, yaani minyoo, mayai ya samaki wengine, kamba wadogo, mwani na anemoni, vile vinyama laini vya mwambani vinavyofanana na maua. Wapo wanaokula matumbawe na kuchanganya na vingine. Na wapo ambao wamefungwa na matumbawe hai moja kwa moja. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2008 na Andrew Cole, Morgan Pratchett na Geoffrey Jones ulihesabu aina 128 za samaki wanaokula matumbawe duniani, na 69 kati yao ni wa jamii hii. Kitatange wa Zanzibar yumo katika kundi la waliofungwa. Chakula chake ni polipu, vile vinyama vidogo vinavyojenga tumbawe, na watoto wake hujificha kwenye vichaka vya matumbawe ya matawi, chakula na nyumba vikiwa kitu kimoja.

Ulaji wake una namna yake, na tusipouelewa hatutaelewa kwa nini tangi linamuua. Meno yake ni membamba, yamesongamana kama ya brashi. Hamegi tumbawe kama pono, ambaye huacha alama nyeupe mwambani na kutoa mchanga nyuma. Kitatange hudona: polipu moja hapa, nyingine pale, kisha anasogea tumbawe jingine, anadona tena. Mifupa ya tumbawe inabaki, kidonda kinapona, na kesho atapita palepale. Polipu moja haina shibe, hivyo lazima adone mchana kutwa, na midono ya siku moja hufika maelfu. Hana mlo wa asubuhi na wa jioni. Kula ndiyo kazi yake, kuanzia jua linapochomoza mpaka linapozama, na usiku anajipenyeza kwenye ufa akalala.

Kwa sababu hiyo ana shamba lake. Jozi ya vitatange walaji matumbawe huwa na eneo inalolilinda dhidi ya vitatange wengine, na wanasaidiana ulinzi: mmoja akila, mwenzake yuko macho. Samaki hawa wanaweza kuishi zaidi ya miaka 10, na jozi nyingine hudumu pamoja na eneo lao kwa muda mrefu. Mzamiaji anayemtia wavuni mmoja wao hachukui samaki mmoja tu. Anayebaki sasa ana mipaka yote ya kulinda peke yake, na muda anaoutumia kufukuza majirani ni muda ambao hali.

Sasa mfuate yule aliyechukuliwa. Kabla ya safari hunyimwa chakula siku moja au mbili ili asichafue maji ya mfuko. Ni kanuni ya kawaida ya wasafirishaji, na kwa samaki anayekula mara chache haina ubaya. Kwa anayedona maelfu ya mara kwa siku, njaa inaanza hapo. Anasafiri akiwa gizani. Anashuka uwanja wa ndege wa mbali, anakaa kwa mwagizaji, anapelekwa dukani, anawekwa kwenye tangi la kioo lenye taa kali, analetewa uduvi wa kugandishwa. Anausogelea, anauonja, anautema. Siku ya tatu hausogelei kabisa. Rangi bado ni ya njano iliyokolea, mapezi yamesimama, mnunuzi anaona samaki mzima. Mwenye kujua ataangalia nyuma ya kichwa, pale nyama ya mgongo inapoanza kubonyea, na tumbo lililoingia ndani. Mara nyingi hudumu wiki kadhaa, wengine hujikongoja miezi. Mwenye tangi huandika kwamba samaki wake alikufa ghafla.

Ufundi wa kufuga samaki wa bahari umepiga hatua kubwa, sikatai. Kuna wafugaji waliowashawishi vitatange wagumu kula nyama ya chaza iliyopakwa kwenye tumbawe lililokufa, na kuna wanaopanda matumbawe kwenye tangi la pili kwa ajili ya kumlisha samaki wa tangi la kwanza. Nawavulia kofia. Lakini mtu wa aina hiyo hafanyi soko. Soko linafanywa na mnunuzi aliyemwona samaki wa njano Jumamosi mchana akamwambia muuzaji, nifungie huyo. Sheria ya biashara haiwezi kuandikwa kwa kumtazama fundi mmoja mwenye matangi mawili. Iandikwe kwa kumtazama huyo wa Jumamosi.

Wala hatuwezi kujitetea kwamba watazaliana huko huko. Vitatange hutaga majini wakati wa magharibi, mayai yanaelea, na kiluwiluwi hukaa bahari wazi kwa muda mrefu akiwa amevaa kichwani mabamba ya mfupa kama kofia ya chuma, kabla ya kushuka mwambani. Kumlea katika hatua hiyo ni kazi ngumu mno, na ni aina chache sana zilizowahi kukuzwa kutoka yai na binadamu. Kwa hiyo kitatange unayemwona kwenye duka la samaki, mchukulie kuwa ametoka mwambani.

Watetezi wa biashara watasema: basi ni wachache mno, mnapiga kelele za nini? Wana hoja. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2003 ilikadiria kwamba samaki wa bahari milioni 20 hadi 24 huuzwa kila mwaka kwa ajili ya matangi, wa aina 1,471. Ndani ya bahari hiyo ya biashara, kitatange wa Zanzibar ni tone. Tatizo ni kwamba hata ukubwa wa tone hatuujui, kwa sababu karatasi za forodha hazikuandikwa kumtambua. Andrew Rhyne na wenzake walichapisha mwaka 2012 uchambuzi wa ankara za samaki walioingia Marekani kwa kipindi cha mwaka mmoja. Walikuta zaidi ya samaki milioni 11 wa aina zaidi ya 1,800. Kwenye mfumo wa serikali, samaki hao hukusanywa chini ya kasha moja: samaki wa bahari wa kitropiki wa matangi. Basi. Ukiuliza wangapi walikuwa wanakula matumbawe peke yake, kasha halijui.

Na hata afisa akitaka kujua, kazi si rahisi. Katika miamba yetu kuna kitatange mwingine wa njano, mwenye utepe mweusi jichoni na doa jeusi ubavuni, anaitwa Chaetodon interruptus. Ukiwaweka kwenye mifuko miwili ya plastiki yenye umande, uwanja wa ndege, saa tisa usiku, si ajabu ukawaita ndugu. Interruptus ana doa lililo katikati zaidi, lenye umbo la chozi, na mstari mwembamba mweusi pale mwili unapoishia, na akikua humzidi mwenzake kwa mbali. Mdomo wake ni mnene na wa nguvu. Hula matumbawe laini na magumu, lakini pia minyoo, kamba wadogo na mwani, kwa hiyo kwenye tangi ana pa kuanzia. Mmoja ana nafasi, mwingine hana, na fomu inawaandika kwa jina moja. Sioni namna ya kusimamia biashara kwa fomu ya namna hiyo, iwe Nairobi, iwe Dar es Salaam, iwe Miami.

Kwa haki ya wavuvi wa samaki wa mapambo wa pwani ya Kenya, waliokuwa na kazi hii kwa miongo kadhaa, ni lazima niseme jambo moja. Hawavui kwa baruti, na wanaofuata kanuni hawatumii sianidi, ile sumu iliyotumika sana Ufilipino na Indonesia tangu miaka ya 1960. Wanazama na nyavu ndogo, wanawaelekeza samaki taratibu, wanawapandisha pole ili mfuko wa hewa tumboni usiwapasukie. Kazi hii inahitaji utulivu na ujuzi wa kila ufa wa mwamba. Samaki hai mmoja mwenye uzito wa gramu chache humpa mvuvi fedha ambazo angezipata kwa ndoo ya samaki wa kitoweo. Anayetaka kuifunga biashara yote kwa sababu ya vitatange wachache, aeleze kwanza wazamiaji hao watakwenda wapi. Wakirudi kwenye juya la kukokota, mwamba hautashukuru.

Hata dema, mtego wetu wa siku zote unaosifiwa kwa kuwa wa asili, humvua kitatange. Samaki bapa akiingia hatoki, na mwisho wake ni kutupwa au kuishia kwenye sufuria ambako nyama yake haifiki kijiko. Emmanuel Mbaru na Tim McClanahan walionyesha mwaka 2013, kwa madema ya pwani ya Kenya, kwamba ukiacha mwanya mwembamba wa wima kwenye mtego, samaki wembamba na wachanga wanatoka, na mvuvi hapotezi kipato. Jambo dogo la fito mbili, lakini linaokoa vitatange bila mkutano wala warsha. Mimi ningependa kuona juhudi za namna hii zinapewa fedha kabla ya mabango ya kuhamasisha.

Sasa twende kwenye joto, kwa kuwa ndilo linaloua wengi. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipauka: yalitapika mwani mdogo sana unaoishi ndani yake na kuyalisha, yakabaki meupe, mengi yakafa. Visiwa vya ndani vya Shelisheli vilipoteza takriban asilimia 90 ya matumbawe hai. Joto likarudi 2016, likarudi tena 2024, mwaka ambao wanasayansi walitangaza kupauka kwa nne kwa dunia nzima. Utafiti ulioongozwa na David Obura wa Mombasa, uliotolewa mwishoni mwa 2021, ulipima miamba yote ya magharibi mwa bahari hii na kukuta kwamba hakuna eneo lililo salama. Yote yako katika hatari ya kuporomoka ndani ya miongo michache.

Kitatange mlaji matumbawe anaipokea habari hiyo tumboni. Huko Okinawa, Japani, baada ya 1998, samaki mwingine asiyekula ila matumbawe ya matawi, mdogo wa kijani mwenye madoa ya machungwa ambaye hata kwetu yupo, alidhoofika, akaacha kuzaa, kisha akatoweka katika miamba iliyochunguzwa. Kwa vitatange wenyewe, Sally Keith na wenzake walikuwa wakiwatazama katika maeneo 17 ya Bahari ya Hindi na Pasifiki joto la 2016 lilipokuja. Walichokiona sikukitarajia. Vitatange waliacha kugombana. Ufukuzanaji kati ya aina na aina ulishuka kwa theluthi mbili. Mtu asiyejua angesema wamepatana. Ukweli ni kwamba kupigana kunahitaji nguvu, na chakula kilikuwa hakitoshi kuzilipa. Eneo lililojaa mifupa ya matumbawe halina cha kugombewa.

Ndiyo maana ile hoja ya "ni wachache tu wanaochukuliwa" inanitia wasiwasi zaidi mwaka baada ya mwaka. Uchache una maana ukilinganishwa na waliobaki. Katika mwamba uliopauka, vitatange wanaosalia ni wale walioshika vipande vichache vya matumbawe yaliyovumilia joto, na hao ndio watakaozaa. Halafu tazama kalenda. Maji hutulia na kuwa maangavu wakati wa kaskazi, msimu ambao mzamiaji anaona mbali na mashua inatoka kila siku. Joto la kupausha nalo hufika kilele mwishoni mwa kaskazi hiyohiyo, Machi na Aprili. Yaani siku rahisi kabisa za kumkamata kitatange ndizo siku anazokuwa dhaifu kabisa. Kusi likianza, bahari inachafuka na kumpa likizo, lakini kwa mwaka mbaya likizo hiyo imechelewa.

Ernst Reese wa Chuo Kikuu cha Hawaii alipendekeza tangu miaka ya 1970 kwamba vitatange hawa watumike kama kipimo cha afya ya mwamba: wakipungua, au maeneo yao yakipanuka kwa kutafuta chakula, tumbawe linaumwa. Wazo hilo limebishaniwa, kwa kuwa samaki anaweza kuchelewa kuonyesha dalili, lakini kwa mlaji wa polipu peke yake lina mantiki. Kinachonishangaza ni kwamba tunawatumia kama kipimo na papo hapo tunawauza. Nani anachomoa kipimajoto kwapani mwa mgonjwa akaenda kukinadi?

Walio kwenye upandaji wa matumbawe nao wana somo hapa. Kazi hiyo inafanyika Wasini, upande wa kusini wa Kenya, kwa vikundi vya wanakijiji na wataalamu wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, na sehemu nyingine za pwani. Vipande vipya vikishapandwa, miongoni mwa wageni wa mwanzo huwa ni walaji, na miche michanga isiyo na majirani hudonwa sana. Nimesikia watu wakiwaita vitatange wasumbufu. Sikubaliani. Shamba la matumbawe ambalo haliwezi kulisha jozi moja ya vitatange bado ni kitalu, na takwimu za vipande vilivyopandwa hazibadilishi hilo. Ningempima mpandaji kwa kuuliza kama baada ya miaka mitatu kuna jozi iliyoweka makazi pale.

Turudi sokoni. Ninachopendekeza si kufunga. Ni kubadili orodha. Kwa kawaida sheria za samaki wa mapambo huanza kwa kuruhusu wote kisha kuwataja waliokatazwa, na waliokatazwa huwa ni wale tuliokwisha kuwaharibu. Magharibi mwa kisiwa cha Hawaii waliigeuza: kanuni zilizoanza kutumika karibu na mwaka 2014 zilitaja aina 40 zinazoruhusiwa, na asiyekuwemo hachukuliwi. Mahakama ya Juu ya Hawaii ikaja kusimamisha ukusanyaji huo wa kibiashara mwaka 2017 kwa sababu ya tathmini ya mazingira, ambayo ni kesi nyingine. Wazo la orodha fupi ya wanaoruhusiwa halikufa kwa hukumu hiyo. Mzigo wa ushahidi unahamia kwa anayetaka kuuza: aonyeshe kwamba samaki wake anaweza kula, kuishi na kukua ndani ya kioo.

CITES yenyewe imeanza kujikuna. Mkutano wake wa mwaka 2019 huko Geneva uliamua biashara ya samaki wa mapambo wa bahari ichunguzwe, na majadiliano yameendelea tangu hapo. Sipingi, lakini mkataba ule hutembea kwa mwendo wa kobe, na si lazima tuusubiri. Kenya ina Sheria ya Usimamizi na Uendelezaji wa Uvuvi ya mwaka 2016 na idara inayotoa leseni. Zanzibar inasimamia uvuvi wa maji yake ya pwani yenyewe, mbali na Tanzania Bara. Orodha ya ukurasa mmoja inaweza kuandikwa na watu wa hapa, wakikaa na wazamiaji wanaojua nani anakula na nani anatema, kwa kuwa wao ndio huona samaki kwenye matangi ya kusubiria safari kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mimi ningeiandika hivi kwa upande wa vitatange. Auriga aingie: anakula minyoo, kamba, mwani, anakubali uduvi haraka, na yuko kila mahali kuanzia Bahari ya Shamu. Lunula, mwenye uso kama amefunikwa kitambaa, aingie pia, na wenye matangi watamshukuru kwa kuwa hula anemoni zinazowasumbua. Wenye pezi refu jeupe wa jamii ya Heniochus waingie. Zanzibarensis asiingie, wala trifasciatus wa Mungo Park, wala meyeri, wala bennetti, wala trifascialis ambaye hung'ang'ania matumbawe ya meza kuliko wote. Kwa hawa watano sina mjadala. Interruptus ningemruhusu kwa sharti kwamba kila boksi liwe na picha yake na jina lake kamili, ili asifichwe mwenzake nyuma yake. Anayenisumbua ni melannotus, yule mweupe mwenye mgongo mweusi na ukingo wa njano. Anapenda matumbawe laini, kuna wanaodai amekula vizuri kwenye matangi yao na wengine wanaapa alikufa njaa mbele ya macho yao. Huyo ningemweka nje kwa sasa, na ningewauliza wazamiaji wa Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya, kabla ya kumrudisha.